Mashini Inakimbia bila Miguu

Watoto, leo tunasoma habari ya neno moja la Kiingereza. Neno lenyewe ni dogo, lina herufi tatu tu: «run». Mwingereza akilitamka, linasikika karibu kama «rani» lililokatwa mkia. Mwanafunzi wa Kiingereza hulipata katika wiki za kwanza, na mwalimu humwambia: «Maana yake ni kukimbia.» Mwalimu huyo hasemi uongo. Lakini hajasema yote.

Labda mtaniuliza: «Mwalimu, sisi tunajifunza Kiswahili na Kifaransa. Kiingereza cha nini?» Ulizo hili ni la haki. Wanaokaa karibu na mpaka wa Uganda, kama Kasindi, au karibu na mpaka wa Zambia, kama Kasumbalesa, wanajua jibu. Makamyo yanaleta dawa, mbegu, betri na mashini, na juu ya masanduku yake mna maandiko ya Kiingereza. Anayeyasoma vibaya anaweza kuharibu kitu cha watu. Mimi nayajua mambo haya vizuri, kwa kuwa niliharibu.

Moteri ya mzee

Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu mpya katika kijiji kimoja, si mbali na Kasindi. Wakati ule mama wa kijiji walikuwa wanatwanga muhogo na mahindi katika kinu, ao walikuwa wanapeleka mizigo kwenye mashini ya kusaga ya kijiji kingine. Kwenda ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na kurudi saa mbili, na mzigo kichwani. Mzee mmoja aliona taabu hiyo. Akauza ng'ombe wawili, akaongeza feza ya kahawa ya mavuno mawili, akaagiza mashini kutoka Kampala. Ilifika siku ya Jumamosi juu ya kamyo. Watoto wote walikimbia nyuma yake wakipiga kelele, na mimi, ninyi msimwambie mtu, nilikimbia pamoja nao.

Mashini ilikuwa na moteri yake, yenye kutumia mazuti. Vijana wakaifunga kwa boliti nne juu ya simiti. Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi ya Kiingereza. Fundi hakuja na mashini. Alituma habari kuwa atafika siku ya Jumatano. Lakini nani angengoja mpaka Jumatano, na mama wamekwisha kupanga makapu yao mbele ya mlango? Mzee akaniita. «Mwalimu, wewe ulisoma. Utusomee karatasi hii.»

Nilijua Kiingereza cha shule, maana yake Kiingereza kidogo. Mfukoni nilikuwa na kamusi ndogo sana. Nikasoma polepole. Juu kabisa, kwa herufi nene, paliandikwa: «Do not run the engine without oil.» Mwanzo wake niliujua: ni neno la kukataza. «Engine» ni moteri. «Without» ni bila. «Oil» ni mafuta. Lakini «run» likanisimamisha. Kamusi yangu ilisema: kukimbia, basi. Usikimbie moteri bila mafuta? Usikimbize moteri? Nani aliona moteri ikikimbia? Nayo imefungwa kwa boliti nne!

Nikafikiri muda mrefu. Mzee alikaa kimya, mikono juu ya magoti, akinitazama. Mwishowe nikakumbuka Kifaransa. Wafaransa wanasema kwamba mashini «inatembea», na sisi vilevile tunasema saa inatembea. Kumbe, kama moteri ya Mfaransa inatembea, hiyo ya Mwingereza inaweza kukimbia! Nikaruka kwa furaha. «Mzee, nimepata. Karatasi inasema: Usitembeze moteri bila mafuta.»

Mzee akacheka. «Basi ni jambo dogo, Mwalimu. Mafuta yapo.» Akaleta bidoni ya mazuti, lita ishirini, akajaza tangi mpaka juu. Kijana mmoja akazungusha mkono wa chuma. Moteri ikakohoa mara mbili, ikawaka. Mama wakapiga vigelegele. Unga wa kwanza ukatoka, mweupe, wenye moto, na mzee akautia kidole akaonja.

Haikupita nusu saa. Harufu ya chuma kinachoungua ikajaa nyumbani. Moteri ikaanza kugonga, kama mtu aliyefungiwa ndani anapiga nyundo apate kutoka. Kisha ikalia kwa sauti moja kali, ikasimama. Kijana akashika mkono wa chuma ili aizungushe tena. Haukusogea hata kidogo.

Siku ya Jumatano fundi akafika. Hakuuliza mengi. «Oili iko wapi? Nani alitia oili?» Akachomoa ufito mwembamba wa chuma ubavuni mwa moteri, akaupangusa kwa kidole, akatuonyesha kidole chake. Kilikuwa kikavu. Moteri nyingi mpya husafirishwa hivyo, tumbo tupu. Mazuti ni chakula cha moteri: yanaungua na kuipa nguvu. Lakini ndani yake vyuma vinasuguana mara mamia kwa kila dakika, na kati ya vyuma hivyo yanatakiwa mafuta mengine, mazito, ambayo kazi yake si kuwaka bali kulainisha. Yakikosekana, vyuma vinapata moto, vinavimba, vinashikana. Pistoni ya mzee ilikuwa imeshikana na silinda, hata zikawa kama chuma kimoja.

Mnaona kosa langu? Nilipigana na «run» kama Daudi na Goliati, nikalishinda. Nilipokuwa ningali najisifu, «oil» likapita kimya kimya. Niliona ni neno jepesi, lisilo na haja ya kutazamwa mara mbili. Tena kosa halikukaa katika Kiingereza. Lilikaa katika Kiswahili chetu! Katika karatasi ya moteri, Mwingereza akiandika «oil» anataka mafuta ya kulainisha, na mazuti anayaita kwa jina jingine. Lakini sisi tuna mafuta ya mawese, mafuta ya nguruwe, mafuta ya kujipaka, mafuta ya taa, mafuta ya gari, mafuta matakatifu ya wagonjwa. Yote ni mafuta. Mzee aliposikia neno hilo akashika yale yaliyokuwa karibu na mkono wake.

Nitarudi kwa mzee. Kwanza tulitazame neno «run» vizuri, kwa kuwa siku zile nilidhani nimelimaliza, na sikuwa nimegusa hata ncha ya mkia wake.

Maana 645

Waingereza wana kamusi moja kubwa kupita zote, inayotoka katika mji wa Oxford. Wazo lake lilianza London mwaka 1857. Watu walitaka kuandika kila neno la Kiingereza, la kale na la sasa, na kila maana yake, na kuonyesha kwa sentensi za kweli namna watu walivyolitumia. Mwaka 1879 kazi hiyo ikapewa James Murray, aliyekuwa mwalimu wa shule. Alijenga bustanini kibanda cha mabati, akatia ndani visanduku vingi vya mbao, na watu wa nchi mbalimbali wakamtumia vipande vya karatasi, kila kipande na neno lake na sentensi yake. Alikuwa na watoto kumi na mmoja. Watoto hao walipanga karatasi kwa utaratibu wa alfabeti, na baba yao akawapa feza kidogo ya mfukoni. Kama ninyi mnaona mazoezi ya alfabeti ni marefu, fikirini nyumba ile.

Sehemu ya kwanza ya kamusi ilitoka mwaka 1884. Murray alikufa mwaka 1915 akiwa angali kazini, na sehemu ya mwisho ilitoka mwaka 1928. Chapa ya pili, ya mwaka 1989, ilikuwa na vitabu ishirini vinene. Katika chapa hiyo neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa «set», ambalo maana yake ya kwanza kwa wanafunzi ni kuweka. Habari zake peke yake zilipata maneno 60,000 hivi. Baadaye wenye kamusi wakaanza kuitengeneza upya. Walipofika kwa «run», mtu mmoja alilifanyia kazi zaidi ya miezi tisa. Mwaka 2011 ikajulikana kuwa kitenzi hiki kimepata maana 645.

Msiogope. Hata Mwingereza mwenyewe hazijui zote kwa kichwa. Anazijua kama ninyi mnavyojua njia za kijijini kwenu: hamkuzihesabu, lakini hampotei.

Maji na miguu

Sasa tutazame namna neno moja linavyopata maana nyingi hivyo.

Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu iliyopita, neno hili lilikuwa tayari na kazi mbili. Lilisemwa juu ya mtu anayekwenda mbio, na lilisemwa juu ya maji yanayotiririka. Simameni siku ya mvua kando ya mfereji. Maji yanateremka mbio, hayangojei mtu. Je, hayafanani na mtoto anayekimbia? Watu wa kale waliona mfano huo, wakatosheka na neno moja. Mpaka leo Mwingereza husema «the boy runs», mtoto anakimbia, na «the river runs», mto unatiririka.

Kutoka kwa maji neno likaenda mbali. Kama mto una-«run», basi na machozi pia, na jasho, na bomba lililofunguliwa. Na pua ya mtoto mwenye mafua! Mwingereza husema «my nose is running». Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwa Kiswahili: «Pua yangu inakimbia.» Kalasi nzima ikacheka, na yeye akashika pua yake kana kwamba atairudisha. Sisi twasema anatokwa na makamasi. Tena kitenge kipya kikifuliwa na rangi yake ikachuja na kuharibu shati jeupe, Mwingereza husema rangi ime-«run». Ni maji yale yale.

Kutoka kwa miguu neno likaenda upande mwingine. Farasi anakimbia, gari linalokokotwa na farasi linakimbia. Treni ilipopatikana, nayo ikasemwa inakimbia juu ya reli. Kisha Waingereza wakasema basi ina-«run» kila siku kati ya miji miwili. Hapa hawasemi tena habari ya haraka. Basi hiyo inaweza kwenda polepole kama konokono, na kulala njiani siku mbili katika matope (nyingine nimezipanda mimi mwenyewe), lakini kama ina safari zake za kawaida, neno ni lile lile. Moteri zikafuata: gurudumu likizunguka, lina-«run». Na mtu anayefanya moteri izunguke naye «ana-run» moteri, maana yake anaiendesha. Mtu akiweza kuendesha mashini, kwa nini asiendeshe duka? Hivi mama anayesimamia duka, au hoteli, au shule, Mwingereza husema «she runs the shop». Hakimbii hata hatua moja. Labda amekaa kitini anahesabu feza. Lakini duka linakwenda kwa nguvu zake.

Mnaona njia? Mtoto, farasi, gari, treni, moteri, duka. Kila hatua ni fupi, na anayepita hatua kwa hatua haoni ajabu. Anayeruka kutoka hatua ya kwanza mpaka ya mwisho ndiye anayeshangaa, kama mimi mbele ya karatasi ya mzee.

Njia yenyewe nayo ina-«run». Mwingereza akisema barabara «runs» kutoka Beni mpaka Kasindi, usitoke nje kuitazama ikikimbia. Ila msimcheke upesi, kwa kuwa sisi twasema njia hii «inakwenda» Kasindi, na njia haijaondoka mahali pake hata siku moja.

Jambo moja linanipendeza sana. Mtu anayetaka kuchaguliwa katika serikali, Waamerika husema ana-«run», anakimbia. Waingereza, kwa jambo lile lile, husema «stand», maana yake anasimama! Lugha ni moja, kazi ni moja: huyu anakimbia, yule anasimama. Na sisi? Sisi twasema anagombea, kama watoto wawili na embe moja. Nani amesema vizuri zaidi? Mimi naona Kiswahili, lakini siwezi kuwa mwamuzi wa haki.

Piga

Tukiwa na haja ya kucheka Kiingereza, tujitazame kwanza. Tufikiri kwamba Mwingereza mmoja amekuja kujifunza Kiswahili. Siku ya kwanza anaambiwa: kupiga ni kumpiga mtu, kwa mkono au kwa fimbo. Anaandika katika daftari. Siku ya pili anasikia watu wanapiga ngoma. Vizuri, ngoma inapigwa kwa mikono. Kisha anaambiwa: piga hodi kabla ya kuingia. Anatafuta huyo Hodi aliyekosa nini. Kanisani watu wanapiga magoti. Anaona magoti yao ni mazima. Mama anapiga pasi, na kijana anapiga picha, na mganga wa dispansari anapiga sindano. Mjini watu wanapiga simu kutwa nzima, na simu hazivunjiki. Siku ya uchaguzi nchi nzima inapiga kura. Jioni anachoka, anataka kukaa kimya, na jirani anamwambia: «Njoo tupige soga.» Mtu huyo akifunga sanduku lake na kurudi kwao, tumlaumu?

Na hata kukimbia kwenyewe kunaweza kusemwa kwa piga: kupiga mbio.

Wazungu waliotunga kamusi za Kiswahili walikutana na jambo hili. Padri Charles Sacleux, aliyekaa Unguja na Bagamoyo, alitoa mjini Paris kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa katika miaka ya 1939 mpaka 1941. Kazi ya namna hiyo haiwezi kutosheka na kuandika neno moja la Kifaransa mbele ya piga, na kwenda mbele. Inatakiwa kuandika piga nini, nani anapiga, wapi.

Kitenzi kata nacho kinafanya hivyo. Tunakata mti kwa shoka, hii ni wazi. Lakini tunakata tiketi bila kisu, maji yanakata kiu, wazee wanakata maneno chini ya mti, na mgonjwa asikate tamaa. Shoka iko wapi hapo? Imebaki mwanzoni mwa njia, kama miguu ya «run».

Kaa na kaa

Hapa inafaa kuangalia jambo jingine linalofanana na hili, lakini si hili. Tunasema: kaa chini. Tunasema: kaa la moto limeniunguza. Na watu wa pwani wanasema: kaa ameniuma kidole, yaani yule mnyama wa majini mwenye miguu mingi, anayetembea upande. Je, hapo pana njia ya hatua kwa hatua, kutoka kukaa mpaka moto mpaka mnyama? Hapana. Hayo ni maneno mbalimbali yaliyokutana na sauti moja, kama watu wawili wa vijiji viwili wenye jina la Petro. Hawana baba mmoja.

Kiingereza nacho kina Petro wengi. «Bat» ni popo, yule anayeruka usiku. Na «bat» ni fimbo pana ya kupigia mpira. Mtu aweza kuchekesha watoto kwa kuwaambia kwamba fimbo iliitwa hivyo kwa kuwa inaruka kama popo. Si kweli. Neno la popo lilikuja kwa Waingereza kutoka kwa watu wa kaskazini, na neno la fimbo ni jingine kabisa.

Sababu gani nawaambia haya? Kwa kuwa mwanafunzi anayejua kuwa «run» ni njia moja ndefu, anaweza kukisia hatua asiyoijua. Lakini mbele ya «bat» na «kaa», kukisia hakufai. Hapo ni kujifunza kila neno peke yake.

Namna ya kutafuta

Tukikutana na «run», tutajuaje ni ipi kati ya zile 645? Tuulize kwanza: nani au nini kina-«run»? Kama ni mtoto, mbwa au kuku, tutafute miguu. Kama ni mto, bomba au pua, tutafute maji. Kama ni moteri, saa au friji, ni kufanya kazi. Kama ni barabara au ukuta, ni kupita kutoka hapa mpaka pale.

Kisha tutazame maneno yaliyosimama nyuma yake, kwa kuwa mengine ni madogo lakini yanageuza mambo yote. «Run out» si kukimbia nje tu. Mama akisema «the salt has run out», chumvi haikutoka mlangoni, imekwisha. «Run into» ni kukutana na mtu bila kutazamia, au gari kugonga kitu. Tofauti hiyo si ndogo, hasa kwa yule anayegongwa. «Run over» juu ya mtu na gari ni habari ya msiba: gari limemkanyaga. Na ugonjwa ukisemwa «runs in the family», hautembei nyumbani usiku. Ni ugonjwa unaoonekana kwa watu wa ukoo mmoja, babu, baba, mtoto. Mtu akiulizwa hivyo hospitalini na asielewe, atajibu hapana, na daktari atakosa habari aliyoihitaji.

La mwisho nililijifunza mbele ya moteri. Ukimaliza kutafsiri, usitazame tu neno ulilotoka kwake. Tazama pia neno ulilofika. Je, katika lugha yako lina njia ngapi? Anayekusikia atashika ipi? Kama ningesema «mafuta ya kulainisha vyuma», mzee angeniuliza: «Hayo ni yapi?» Hata mimi nisingejua jibu. Lakini tungengoja fundi.

Mzee tena

Pistoni mpya na silinda mpya zilitakiwa kuletwa kutoka Kampala. Zilichukua wiki saba. Kwa wiki saba mama wakarudi njia yao ya saa mbili. Mmoja wao, akipita mapema mbele ya shule na kapu lake kichwani, alikuwa akinisalimu kwa sauti ya kusikika na kalasi zote: «Jambo, Mwalimu wa Mafuta!» Nilimwitikia kwa heshima. Ningefanya nini?

Nilikwenda kwa mzee na sehemu ya mshahara wangu ili nimsaidie kulipa. Akapokea nusu, nusu akanirudishia. Akasema: «Mwalimu, wewe ulisema mafuta, na mimi sikuuliza mafuta gani. Tulikosa wawili, tulipe wawili.» Kisha akanipa kopo la rangi nyekundu na brashi, akanipeleka kwenye moteri. Juu ya tangi nikaandika: MAZUTI. Ubavuni, mahali pa ule ufito, nikaandika: MAFUTA YA KULAINISHA. TAZAMA KILA ASUBUHI. Mzee hakujua kusoma. Akaniomba nichore karibu na maandiko ya kwanza mdomo wa mtu, na karibu na ya pili goti. «Mazuti inakula,» akasema, «na haya mengine ni ya viungo vyake.»

Mama yule aliyenipa jina alikuwa wa kwanza kusagiwa siku moteri iliporudi. Alitazama michoro yangu, akacheka mpaka akashika ukuta. Goti lilifanana na kiazi.

Maulizo

Kwa nini mwalimu alisumbuka na neno «run», na si na neno «oil»? Neno lipi ndilo lililoharibu moteri, na lilikuwa la lugha gani?

Mazuti yanafanya kazi gani ndani ya moteri? Mafuta ya kulainisha yanafanya kazi gani?

Tafuteni namna kumi za kutumia kitenzi piga ambazo hazikuandikwa katika somo hili. Waulizeni wazazi na babu zenu nyumbani.

Tafsirini kwa Kiswahili kizuri, bila kuandika kukimbia isipokuwa panapotakiwa: «The dog runs. The water runs. My aunt runs a shop. The road runs to Kasindi. The soap has run out.»

Maneno shika, toa na mkono yana njia ngapi kwenu? Andikeni sentensi tatu kwa kila neno, kisha mwenzenu akisie hatua iliyowafikisha pale.